Mission trip yangu ya Musonoi: tulienda kuchimba choo, cité nzima ikaamini ni mgodi

Wakuu, wanaostahili kuamkiwa shikamooni, wengine mambo.

Juzi humu kuna mkuu kauliza kama amruhusu binti yake wa form three aende mission trip na vijana wa kanisani. Nimesoma comments zote. Nusu mnasema mtoto atakua kiroho, nusu mnasema atarudi na mimba. Hakuna hata mmoja aliyemwonya kuhusu choo.

Nikaona nifungue uzi wangu mwenyewe.

Haya yalinipata mimi, sikusimuliwa. Na kama mna wasiwasi kwamba natunga, someni hadi mwisho, mtaona kwamba mtu anayetunga hawezi kujipa nafasi niliyopata mimi.

Kwa wasionijua, mimi ni Mkongo wa Kolwezi, huko shaba na kobalti zinakotoka kabla hamjaziona zikipita Tunduma kwenye malori. Sasa hivi niko Dar, ofisi ya clearing, bandarini. Kiswahili cha kuandika nimejifunzia humu humu kwa kuchekwa na nyie, kwa hiyo nitaandika chenu. Watu wa kwetu wakiongea, nitawaacha waongee cha kwetu.

Twende.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kanisa letu lilikuwa la mjini, la Kiprotestanti, waumini wengi ni makarani na familia zao. Lilikuwa na viti vya plastiki, jenereta, na kwaya yenye sare tatu. Tulikuwa watu wa kujiheshimu.

Mwaka huo tukaletewa mchungaji mpya wa vijana kutoka Lubumbashi, Pasta Trésor. Kijana, mtanashati, viatu vyenye ncha, simu mbili. Alipofika tu akatangaza kwamba Mungu amempa mzigo wa Musumba.

Musumba iko Kapanga, mbali kweli kweli. Ndiyo mji wa zamani wa wafalme wa Walunda, na barabara ya kwenda huko ni imani tupu. Pasta alihubiri Musumba wiki baada ya wiki, na sisi vijana tukajiona mitume. Tisheti zikachapishwa za njano, mgongoni zimeandikwa MISSION MUSUMBA.

Ikafanyika ibada ya kutuaga. Wazazi walilia. Mama yangu alinipa chandarua kipya na baraka zake, akanishika kichwa kama mtu asiye na uhakika wa kukiona tena.

Halafu mvua ikanyesha. Madereva wakaleta habari kwamba malori yamelala kwenye matope na wenyewe wamelala chini ya malori.

Pasta Trésor akasimama Jumapili akatangaza kwamba Bwana amebadilisha uelekeo. Mission sasa itakwenda Musonoi.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Musonoi ni cité, yaani mtaa, wa wachimbaji hapo hapo pembeni ya mji. Unapanda pikipiki, unabishana na dereva nauli, mnaelewana mkiwa mmeshafika. Ni kama mtu wa Ilala aagwe kwa machozi anakwenda Buguruni.

Lakini mabegi yalikuwa yameshafungwa na machozi yameshamwagika. Haingewezekana kuyarudisha. Tukapakiwa kwenye basi dogo na ngoma zetu, tumevaa tisheti za Musumba, tukaimba njia nzima, wimbo mmoja na nusu hivi, tukafika.

Musonoi yenyewe imekaa kando ya mashimo makubwa ya mgodi. Nyumba, vumbi, pikipiki, wanunuzi wa mawe ya madini, na vijana kutoka kila kona ya Congo wanaochimba kwa mikono. Kwetu tunawaita creuseurs. Kila mtu pale ama anachimba, ama anamuuzia chakula anayechimba, ama anamsubiri anayechimba.

Sisi wasichana tuliwekwa kwa Mama Odile.

Huyu mama mumshike vizuri, maana uzi huu ni wake kuliko wangu. Alikuwa mjane. Mumewe alifanya kazi ya reli kule Tenke, alipofariki mama akaja Musonoi na watoto wake wawili. Alipanga vyumba viwili kwenye kiwanja cha mzee mmoja aitwaye Tata Kasongo. Asubuhi alikaanga mandazi mlangoni kwake, na creuseurs walikuwa wanapita kula kabla ya kushuka mashimoni. Watoto walisoma shule ya jirani. Mlango ule, karai lile la mandazi na shule ile ndiyo yalikuwa maisha yake yote.

Na alikuwa ameshahamishwa mara mbili kabla ya hapo. Kwetu mwenye nyumba akihisi kuna madini chini ya sakafu yako, anakutoa anachimba. Mara ya pili, aliniambia, alirudi sokoni akakuta watu wameshafika kiunoni chumbani kwake. Alisema hivyo huku anachekecha unga, kama mtu anayesimulia mvua ya jana.

Sasa kwenye kiwanja hicho hicho cha Tata Kasongo, kona moja ilikuwa na kanisa dogo la mabati, tawi la kanisa letu. Choo cha wapangaji na waumini kilikuwa kimejaa, halafu mvua zile zile zikakibomoa. Watu wazima walikuwa wanaomba choo kwa majirani kama wanavyoomba kiberiti. Mama Odile ndiye aliyepeleka ombi kwamba mission ikija, tafadhali, isilete nguo kuukuu wala biskuti. Ilete choo.

Hilo ndilo lilikuwa wazo pekee la akili katika safari yote, na halikutoka kwetu.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza, watoto wa makarani, tumevaa glovu mpya, tumeshika sepetu kwa namna mtu anavyoshika mtoto wa mwenzake, tukajipanga nyuma ya kanisa tayari kuwachimbia shimo watu wa Musonoi.

Rudieni sentensi hiyo mkiwa na muda.

Creuseurs kadhaa walikuwa wamekaa ukutani na mandazi yao wanatutazama. Hawakucheka kwa sauti. Waliona huruma, na nadhani walitaka pia kumaliza kula.

Hapo ndipo Pasta Trésor alipofanya lile jambo.

Akatuambia tushikane mikono tuzunguke pale tutakapochimba. Ngoma ikapigwa taratibu. Akatoa chupa ya mafuta ya upako, akayamwaga chini kwa duara, akainua mikono, simu moja ikimrekodi, akaomba kwa sauti ya kufika mtaa wa tatu.

"Bwana, fungula hii udongo. Bile ulificha humu tangu zamani, toa leo kwa bantu bako."

Sisi tukasema amina.

Nilipofungua macho nikaona creuseurs wote wamesimama na wamevua kofia. Nikadhani wameguswa. Nilijisikia vizuri sana, wakuu, nilijiona kweli nimefika Musumba.

Halafu nikamwona Mama Odile mlangoni kwake. Chekecheke mkononi, unga haudondoki. Alikuwa anamtazama Pasta kama mtu anayeona nyumba yake inashika moto na aliyewasha anaimba.

Hapa lazima nieleze desturi, maana nje ya kwetu hamwezi kuijua.

Creuseurs hawaanzi shimo jipya hivi hivi. Chini kule watu wanafukiwa. Kwa hiyo kabla ya kuanza wanamwita pasta, au padri, au mzee wa kanisa. Anasali pale chini, wengine wanamwaga mafuta, wanamwomba Mungu shimo litoe na lisiwameze. Hata mtoto wa chekechea Kolwezi anaijua desturi hiyo. Pasta Trésor hakuijua kwa sababu alikuwa mgeni na hakuwa mtu wa kuuliza. Sisi tuliijua, lakini kichwa cha mtoto aliyevaa tisheti mpya hakifanyi kazi mbili kwa wakati mmoja.

Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya mtu wa Musonoi. Kundi zima la watu, migongo imeandikwa Musumba, mji wa wafalme, kule ambako barabara imekatika. Wamefika hata hivyo. Wamekuja na pasta, ngoma na mafuta, wamepita cité nzima bila kusimama, wamekwenda moja kwa moja kwenye kona moja ya kiwanja kimoja, wameomba ardhi itoe ilichoficha.

Ukiwauliza wanafanya nini, wanasema wanachimba choo.

Mama Odile alinivuta pembeni akaniambia polepole.

"Mwana, hapa hakuna mutu alishaka kusalia choo."

Sikumwelewa sawasawa. Nilimwambia Pasta anapenda kuombea kila kitu. Hilo lilikuwa kweli, aliombea hata chaji ya simu. Mama akatikisa kichwa akarudi kwenye unga wake.

Basi tukaanza kuchimba. Baada ya muda mfupi glovu zilikuwa zinatuuma, jua linatuuma, na shimo lilikuwa na kina cha kuoshea miguu.

Ndipo muujiza ukatokea. Creuseurs wakashuka ukutani, wakatuchukulia sepetu kwa upole, wakasema watatusaidia. Bure. Watu ambao hawaokoti jiwe bila kuuliza bei, ghafla roho ya kujitolea imewashukia.

Volunteers tukawa watazamaji. Pasta Trésor alikuwa anatokwa na machozi, anarusha video kwenye group la kanisa, ameandika chini yake kwamba Musonoi inaamka. Iliamka kweli. Hadi mchana jamaa walikuwa wameshafika kifuani, wanapokezana kwa zamu, na kila ndoo ya udongo iliyopanda ilikuwa na mtu wa kuipokea, kuuchota, kuusugua kwenye kiganja na kuunusa.

Udongo ulikuwa mweusi mweusi, rangi ya kobalti ya kwetu. Wakati wa mvua udongo wote ni mweusi. Lakini nenda kamwambie mtu ambaye ameshaamini.

Kesho yake shimo lilikuwa refu kuliko choo chochote nilichowahi kukisikia. Ungeweza kulitumia kwa vizazi vitatu. Nikamuuliza mmoja wao kama halijatosha. Akatabasamu, akanijibu kwa heshima kabisa: "Tunajua, dada. Ni choo." Na akanikonyeza.

Kadiri tulivyosema ni choo, ndivyo walivyozidi kuamini. Mtu mwenye siri husema nini zaidi ya hicho?

Jioni hiyo hiyo, jua halijazama, Tata Kasongo alifika kwa Mama Odile. Amevaa koti, kofia mkononi, anaita mama yetu, mama yetu. Nilikuwa naosha vyombo pale nje nikasikia yote.

Alisema amefikiria sana. Alisema vyumba vimechoka na anataka kuvifanyia marekebisho. Alisema itakuwa vizuri kama mama yetu na wapangaji wenzake watapata mahali pengine kabla ya Jumatatu. Alisema shimo lisiguswe tena, sasa litakuwa chini yake mwenyewe.

Marekebisho. Musonoi marekebisho huwa yanaanzia kwenye sakafu na kuendelea chini.

Alipoondoka, Mama Odile aliketi kwenye ngazi. Hakulia. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Sasa nitaenda wapi tena?" Watoto wake walikuwa wanacheza pale na tisheti yangu moja ya Musumba, wameivaa wote wawili kwa pamoja, kila mmoja mkono mmoja.

Mama huyu aliomba choo. Tumemletea kuhamishwa. Nilijisikia vibaya hadi chakula kikanishinda, na sombe yake, kisamvu kwa lugha yenu, ilikuwa tamu.

Nikaenda kwa Pasta Trésor. Nilikuwa na imani kwamba hajui, na kwamba akijua atasimama aseme ukweli yaishe. Nilimkuta kanisani anapanga viti vya kuazima. Maana ibada za saa kumi za mission zilikuwa zimefurika, wakuu. Wachimbaji, wanunuzi, watu wenye kamba mabegani na tochi vichwani, wamekaa benchi la mbele tangu saa nane ili Pasta akitaja siku ya kushuka wawe wa kwanza. Kapu la sadaka lilikuwa linapita, linarudi, linapita tena.

Nikamweleza yote, desturi, mafuta, Mama Odile, Jumatatu.

Akanisikiliza. Halafu akasema, "Nadège, mwana, tangu nianze kazi ya Mungu sijaona kanisa inajaa hivi. Sasa unataka nisimame mbele ya bantu, niseme Mungu hakuonyesha kitu?"

"Lakini hakuonyesha, pasta."

"Mi sikusema kama madini iko. Na sikusema kama haiko."

Akaniahidi kwamba atamweka Mama Odile kwenye maombi. Akaendelea na viti.

Nilikuwa nimelelewa kuwaheshimu watumishi, na bado nawaheshimu, msinipopoe mawe. Lakini siku ile nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Kusema uongo kuna kazi yake, lazima ufungue mdomo. Yeye aliufunga tu, na mwenzie anapoteza nyumba.

(Samahani wakuu, nilikuwa nimeitwa na bosi, kuna kontena limekwama. Nimerudi.)

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi, ibada ya mwisho ya mission. Kuna kipengele cha ushuhuda, vijana wanasimama wanaeleza Bwana amewatendea nini. Wenzangu walisema wamejifunza unyenyekevu. Mmoja alisema sasa anaijua Afrika. Kijana wa Kolwezi, wakuu.

Zamu yangu ilipofika nilishika kipaza sauti.

"Bandugu, ile shimo ni choo. Tulikuya kuchimba choo, Mama Odile njo aliomba choo. Mungu hakuonyesha pasta kitu. Mutu asitoke mu nyumba yake sababu ya ile shimo."



Halafu wakapiga makofi. Wakacheka, wakasema amina, wakanitazama kwa mapenzi makubwa. Creuseur mmoja mtu mzima wa benchi la mbele, aliyekuwa na kamba nene begani na ndiye aliyeonekana mkubwa wao, akamgeukia mwenzake akasema, "Bale batoto balifundishwa kuficha. Iko mingi kabisa."

Pasta Trésor akachukua kipaza sauti kwangu taratibu, akasema watoto wanaona kwa macho ya mwili. Kwaya ikaimba.

Nikatoka nje. Nilikuwa nalia kwa hasira, na niseme ukweli, nilikuwa pia na tumbo. Maharage ya Mama Odile ya mchana yalikuwa hayajaniacha, na tangu tufike nilikuwa naona aibu kuomba choo kwa majirani.

Mama Odile alikuwa mlangoni anafunga vyombo vyake kwenye beseni. Aliniuliza kama wamenisikia. Nikamwambia wamenipigia makofi.

Akasonya. Akasema, kama anaongea na beseni, "Creuseur atashuka mu kila shimo. Lakini haishuke mu shimo bantu balikwisha kutumia."

Alisema akaendelea kufunga. Mimi nikasimama pale nikamtazama. Yeye akaacha kufunga akanitazama mimi.

Mbao zetu za sakafu ya choo zilikuwa zimelala kando ya shimo, ya katikati imeshakatwa tundu. Kuta tulikuwa hatujajenga. Tulikuwa hata hatujakumbuka kuta, tulikuwa na ngoma.

"Mama," nikasema, "kuna maji mu birika?"

Hakuuliza ya nini. Akasimama akasema, "Leta mbao."

Tukazilaza mbao juu ya shimo, mimi na yeye, na wapangaji wanawake wengine waliokuja kuona tunafanya nini. Nilipanda juu nikarukaruka kidogo kupima. Zilishika. Mama Odile akafungua kikwembe alichojifunga juu ya gauni, akakishika kwa mikono miwili. Wenzake wakafungua vyao. Wakanizungushia ukuta wa vitenge, maua mekundu upande mmoja, samaki wa bluu upande mwingine, vichwa vyao juu vikitazama nje kama walinzi wa ikulu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sidhani walikuwa wanaifikiria Musonoi, lakini nawashukuru.

Kelele za mbao zilikuwa zimesikika. Ngoma ikanyamaza kanisani. Mtu mmoja akachungulia, akaita wenzake, na ibada nzima ikamwagikia nje, viti vya kuazima vinaanguka nyuma yao.

Nikasikia sauti ya Tata Kasongo anakimbia na koti lake.

"Hii nini? Ule mutoto anafanya nini pale?"

Na sauti ya Mama Odile, shwari kabisa: "Anafungula choo, tata. Njo mission balitumwa."

Wakuu, sitaingia kwenye undani. Niseme tu kwamba nilikuwa nimeandaliwa. Watu wote wa benchi la mbele walikuwa pale, kamba mabegani, na kulikuwa na kimya kile kile ambacho Pasta alikuwa akikiomba tangu tufike bila kukipata. Walisikia ushuhuda wangu wa pili. Huu hawakuupigia makofi.

Nilitaka kufa, msidhani nilikuwa shujaa. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na wavulana wa kwaya walikuwa pale.

Nilipomaliza nikanawa, nikajitengeneza, vitenge vikafunguliwa, nikatoka na birika langu. Sikujua nitazame wapi. Nikatazama chini, nikamsikia Mama Odile anasema, "Sasa mi."

Akanipa kikwembe chake nikishike, akaingia. Mwanamke yule mwenye heshima zake, anayefunika karai lake hata likiwa tupu.

Baada yake akaingia mpangaji wa chumba cha tatu. Halafu bibi wa kona. Halafu wanawake wa viwanja vya jirani, ambao nao walikuwa wameshaanza kuletewa habari za marekebisho. Foleni ikafika barabarani. Kila mmoja akitoka alipokea kikwembe akashika ukuta kwa ajili ya anayeingia.

Pasta Trésor alisema kwenye kipaza sauti kwamba tuombe. Hakuna aliyefumba macho.

Yule mkubwa wa creuseurs alitazama foleni kwa muda mrefu. Kisha akaivua kamba yake begani, akaizungusha vizuri mkononi.

"Mi kamba yangu haiingie mule," akasema.

Tata Kasongo alimfuata anambembeleza, kwamba waanzie pembeni kidogo, kiwanja ni kikubwa. Jamaa akamjibu kwamba mafuta hayakumwagwa pembeni. Akampa pole, akampa mkono, akaondoka na vijana wake. Kwaheri mgodi wa ufunuo. Tata Kasongo aliketi juu ya kifusi cha udongo wake mweusi, kofia magotini, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Jumatatu ilifika na Mama Odile alikaanga mandazi mlangoni kwake kama kawaida. Jumapili yake kanisa lilikuwa limerudi kwenye watu wake wa siku zote, akina bibi na watoto.

Kuhusu Pasta Trésor, alisoma ripoti ya mission mbele ya kanisa la mjini. Alisema tumezindua choo katika hali ya kipekee ya umoja wa akina mama. Siwezi kusema alidanganya.

Na mimi? Kumbukeni umbali wa Musonoi. Habari ilipanda pikipiki ikafika nyumbani kabla yangu. Mama yangu alikuwa amesimama getini. Akanitazama kuanzia kichwa hadi miguu.

"Njo weye?"

"Njo mi, mama."

Akafungua geti. Kisha akauliza chandarua chake kiko wapi. Nikamwambia nimemwachia Mama Odile. Akasema sawa, akaingia ndani, na nikamsikia anacheka peke yake jikoni hadi akashika meza.

Mwaka juzi nilikwenda likizo nikapita Musonoi. Upande ule wa barabara sikuutambua. Nyumba nyingi zimechimbwa chini, nyingine zimekaa upande, nyingine hazipo. Kiwanja cha Tata Kasongo kimesimama. Kuta za choo zilikuwa zimejengwa, za matofali, na mlango wa bati umepakwa rangi. Mama Odile ana mvi sasa, karai ni kubwa zaidi. Aliponiona aliangusha kijiko chake, tukakumbatiana hadi mandazi yakaungua.

Hadi leo hakuna anayejua chini pale kuna nini. Inawezekana tumekalia utajiri wa kununua nusu ya Dar. Hakuna aliyejitolea kwenda kuangalia.

Mafunzo niliyotoka nayo, mkuu uliyeuliza: binti aende. Ila wanaokwenda kusaidia waulize kwanza wenyeji wanaogopa nini, wakishajua ndipo wafumbe macho kuomba. Na mchungaji akiambiwa ukweli akaanza kupanga viti, binti asimsubiri.

Wenye visa vyenu vya kujitolea wekeni hapa, nasoma zote. Wenye matusi pia, nimeshazoea.

Nimalizie na hili. Nikiwa pale nakula mandazi, alipita mteja mgeni akaomba kujisaidia. Mama Odile hakugeuka hata kumtazama, mikono yake ilikuwa kwenye unga. Alimwonyesha kwa kidevu.

"Pita nyuma ya kanisa, tata. Uliza choo ya Nadège."